Eufrasia na Bahari Iliyochelewa Saa Sita

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Jumamosi ya mwezi wa nane, Eufrasia Kemilembe analizunguka basi lake katika yadi moja ya Barking, mashariki mwa London. Anagonga gurudumu kwa kisigino cha kiatu, anakagua taa, anainama kuchungulia kama kuna mafuta yanayovuja. Akimaliza anapiga ubavu wa basi makofi mawili, kama mtu anayemwamsha ng'ombe.

"Leo usiniangushe, bwana," analiambia.

Basi haliwezi kumwangusha, kwani ni jipya. Anachokiogopa leo ni bahari.

Wiki nzima Eufrasia, mwenye miaka 54, huendesha basi la abiria mjini London: kituo hadi kituo, mzunguko ule ule, saa 38 kwa wiki. Baadhi ya Jumamosi huendesha mabasi ya kukodi. Na mara moja kwa mwaka, tangu 2007, huwapeleka Watanzania wenzake Southend, mji wa pwani ulio mwendo wa saa moja na kidogo kutoka Barking. Wenyewe wanaiita "safari ya Mama Valeria", kwa jina la binti yake.

Mwaka huu, 2022, safari hiyo iko roho mkononi. Mwaka 2019 walifika wakakuta bahari imekupwa, maji yametoka mbali. Mwaka 2020 kulikuwa na korona, hakuna aliyekwenda popote. Mwaka jana foleni iliwashika njiani, wakafika maji yanawapa mgongo. Sasa kamati ya jumuiya imechoka.

"Nilimwambia wazi," anasema Soud, mwenyekiti wa jumuiya, mzaliwa wa Pemba na mtu wa maneno mengi. "Dada Eufrasia, tukikosa bahari mara ya tatu, mwakani nawapeleka watu kwenye yale maduka makubwa. Duka halikupwi."

Eufrasia hakucheka. "Kwa Soud ni matembezi tu," anasema. "Kwangu mimi ndiyo siku ninayopumua."

Alizaliwa Bukoba, nyumba ya tatu kutoka ziwani. Aliingia London mwaka 1999, akasafisha ofisi za watu miaka sita, akafeli mtihani wa nadharia ya udereva mara tatu, na mara ya nne akafaulu. Mwaka uliofuata mfanyakazi mwenzake alimchukua kwa treni kwenda Southend. Siku hiyo bahari ilikuwepo, imejaa pomoni, mpaka macho yanapoishia.

"Nililia pale pale barabarani," anakumbuka. "Miaka saba nilikuwa natazama kuta. Sikujua kama nayakosa maji yasiyo na ng'ambo. Yule mwenzangu akadhani nimefiwa."

Basi akasema lazima awapeleke na wenzake. Mwaka uliofuata aliazima basi dogo, akapakia watu kumi na wanne na sufuria mbili za ndizi, akashika njia. Walipofika, hakukuwa na bahari. Kulikuwa na tope, mashua zimelala ubavu, na ndege wanadonoa.

"Nilidhani ni ukame," anasema, na hapo anacheka hadi anafuta macho. "Naapa! Mimi mtu wa ziwani. Ziwa letu ukiliacha jioni, asubuhi unalikuta. Nikawaambia abiria, jamani, poleni, nadhani mwaka huu mvua hazikunyesha."

Aliyemtoa ujinga ni mama mmoja wa Kihindi aliyekaa kiti cha mbele, Bi Pushpa, mzaliwa wa Unguja mjini. Familia yake iliondoka baada ya Mapinduzi, ikakaa Dar es Salaam miaka minne, kisha ikahamia London. Leo ana miaka 77, anaishi Kilburn, na kila mwaka hulivuka jiji zima kuja kupanda basi Barking. Kiswahili chake ni cha Mjini hasa, hakijapungua hata chembe.

"Nilimwambia, ala! Wee mtoto wa wapi?" anasimulia Bi Pushpa. "Maji yamekupwa, mwanangu. Yatarudi. Bahari haiendi kwao ikakaa huko."

Tangu siku hiyo Eufrasia akajifunza. Alijua kwamba maji hujaa mara mbili kwa siku na kutoka mara mbili, kila mara kiasi cha saa sita. Alijifunza bamvua, maji yanapojaa sana na kutoka sana, na maji mafu, yanapojivuta kivivu. Abiria mmoja wa Dodoma aliposikia "leo maji mafu" aliwakataza watoto wake wasiyaguse, akidhani yana sumu.

Southend yenyewe ni mji wenye vituko vyake. Kwa zaidi ya miaka mia moja wafanyakazi wa mashariki mwa London wameteremka huku kwa treni siku ya mapumziko: wapakuzi wa bandarini, washona nguo, wauza samaki. Matajiri walikuwa na pwani zao za mbali. Hii ilikuwa ya mtu mwenye siku moja tu ya kupumzika. Na kwa kuwa maji hutoka mbali sana na meli hazikuweza kusogea, watu wa mji walijenga gati la kuyafuata, zaidi ya kilomita mbili kuingia baharini. Hadi leo kuna treni ndogo juu yake ya kubeba waliochoka kutembea.

Mwezi wa tatu mwaka huu mji huo ulikabidhiwa rasmi hadhi ya jiji. Watu walifurahi mno, bendera zikapepea.

"Jiji zima, na bahari hawajui iko wapi," anasema Soud.

Sasa, ili bahari isikosekane, mwezi mmoja kabla ya safari Eufrasia alifanya anachokifanya kila mwaka: kutafuta ratiba ya maji. Alikuwa kazini, na dereva hashiki simu akiwa kwenye usukani. Kwa hiyo wakati wa mapumziko alimtumia ujumbe bintiye Valeria, mwanafunzi wa chuo mwenye miaka 20: niangalizie maji ya Southend, ile Jumamosi.

Valeria kazaliwa London. Kiswahili anakielewa chote, hata cha kusengenya, lakini hujibu kwa Kiingereza. Eufrasia amezoea. Yeye husema "umekula?" na jibu huja kwa lugha nyingine, na maisha yanaendelea.

Siku hiyo jibu lilikuja kwa sauti, kwa Kiswahili.

"Mama, nimeangalia. Maji yatajaa saa saba na dakika kumi. Usisahau kula."

Eufrasia anasema alikaa katika chumba cha madereva, chai inapoa, akausikiliza ujumbe ule mara tano. Akamsikilizisha dereva mwenzake Mghana, ambaye hakuelewa neno hata moja. "Nikamwambia, huyo mwanangu huyo! Anaongea!"

Kwa furaha ile hakuangalia ratiba mwenyewe. Akaandika katika kundi la WhatsApp: "Bahari inajaa saa saba mchana. Basi linaondoka Barking saa nne na nusu. Mwaka huu haiponyoki."

Na ndiyo maana sasa, saa saba kasoro robo mchana, baada ya foleni ndefu njiani, basi lenye watu 49 linateremka kilima cha mwisho cha Southend kwa shangwe. Watoto wamebandika pua kwenye vioo. Sufuria za pilau zimefungwa kwa kanga kwenye buti. Mtu ameanzisha wimbo na wote wanapiga makofi.

Basi linakata kona ya barabara ya pwani, na makofi yanakatika.

Tope. Tope kushoto, tope kulia, tope mpaka upeo wa macho. Mashua zimelala ubavu. Gati limesimama kwa miguu yake yote mitupu, na mbali kabisa kuna mstari mwembamba unaong'aa, ambao huenda ni bahari na huenda ni Kent, nchi kavu ya ng'ambo.

"Mummy, where is it?" anauliza mtoto mmoja, anaitafuta bahari.

Eufrasia anaegesha. Anazima injini lakini mikono haitoki kwenye usukani. Soud anasimama, anachukua kipaza sauti cha basi. Hata yeye anaonekana hana raha.

"Jamani," anasema, "imetukimbia mara ya tatu."

Wengine wanacheka, wengine wanaguna. Mama mmoja aliyetoka Walthamstow na watoto wanne anasema yeye amebadilisha treni mara mbili kwa ajili ya hili tope. Eufrasia anageuka.

"Mimi sikubahatisha safari hii," anasema. "Niliuliza. Sikilizeni wenyewe." Anatoa simu, anaisogeza kwenye kipaza sauti, na basi zima linasikia sauti ya Valeria: maji yatajaa saa saba na dakika kumi.

Kisha kutoka kiti cha mbele Bi Pushpa anageuza shingo polepole kuelekea nyuma, alikokaa msichana.

"Saba ya wapi, mwanangu?" anauliza. "Saba yetu au saba yao?"

Valeria anamtazama bila kuelewa. "Saba," anasema. "Seven. Saba si ndiyo seven?"

Lo! Basi liliripuka kwa vicheko. Watu wazima walishika mbavu. Kwa wasiokaa ughaibuni, kosa lenyewe ni hili: saa saba ya mchana ya Waswahili, kwa Mwingereza ni saa ya kwanza, na saa yake ya saba ya jioni, kwetu ni saa moja. Valeria alisoma ratiba ya Kiingereza, akakuta saba, akaitafsiri kama ilivyo. Alisema kweli tupu. Maji yatajaa saa moja jioni.

"Halafu tazama shetani alivyo fundi," anasema Soud. "Saa zetu na zao zinapishana sita. Maji kujaa na kutoka, sita. Yaani ukikosea saa ya Mzungu, hukosei kidogo. Unakuta bahari haipo kabisa!"

Lakini Valeria hakucheka. Uso ulimwiva, akashika mkoba wake, akasema kwa Kiingereza kwamba ndiyo maana huwa hajaribu Kiswahili, na kwamba hatajaribu tena.

Eufrasia aliisikia sentensi hiyo kutoka mbele ya basi. Anasema ilimchoma kuliko tope lote lile. Akampokonya Soud kipaza sauti.

"Anayemcheka mwanangu," alisema, "atarudi Barking kwa miguu. Ninyi wenyewe watoto wenu hata saa saba hawaijui, ya kwetu wala ya kwao. Wangu amesema sentensi tatu, moja ndiyo ina kasoro. Kosa ni langu. Dereva ni mimi, ratiba ningesoma mimi. Nilikuwa nasikiliza sauti, sikusikiliza saa."

Hapo nyuma kabisa Valeria alisimama. Watu wakageuka. Akaanza, na akaanza kwa Kiswahili.

"Hapana, Mama. Kosa ni langu. Mimi ndiye nilisema. Naomba msamaha kwa... kwa kuchelewesha bahari."

Makofi yaliyopigwa humo, anasema Eufrasia, hata bibi harusi hajapigiwa. Mama wa Walthamstow alikuwa wa kwanza kusimama.

Ikabaki shida yenyewe. Bahari inakuja saa moja jioni. Basi lilikodiwa liondoke saa kumi na moja. Soud alitaka kura: warudi, waende madukani, au wasubiri. "Kabla ya kura," alisema Eufrasia, "ngoja nimpigie mwenye basi."

Mwenye basi ni Balwinder, Singasinga mzaliwa wa Arusha, mwenye yadi ile ya Barking. Eufrasia aliweka simu kwenye sauti kubwa, akaeleza kisa chote mwanzo mpaka mwisho. Upande wa pili kulisikika kicheko cha kukohoa.

"Mama Valeria," alisema Balwinder alipopata pumzi, "mimi harusi yangu nilimwambia baba mkwe saa nne tu. Mtu wa Punjab, alifahamu nini? Alikuja saa kumi jioni, chakula kimekwisha. Mpaka leo hanisemeshi vizuri. Leo umeanza kazi saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili na nusu, bosi. Yetu."

"Basi kikomo chako cha saa za kazi kinakubana. Ukirudi, uwe yadini saa tatu usiku, isizidi. Na huku upumzike kweli, usiniendeshee watu umechoka."

"Nitapumzika saa sita nzima," alisema Eufrasia. "Kazi yangu itakuwa kusubiri bahari."

Kura ikapigwa. Mikono 31 ilisema wasubiri. Soud hakunyoosha wake popote. Alisema mwenyekiti hupiga kura ya mwisho, na yake anaiweka hadi saa moja jioni.

Mtu angedhani saa sita mbele ya tope ni adhabu. Eufrasia alitandika mkeka kivulini, akafunga macho kama alivyoagizwa, lakini sikio liliendelea na kazi. Pilau ilipakuliwa. Ndizi za Kihaya zilipakuliwa. Vijana walichora kiwanja cha mpira kwenye mchanga ulioachwa na maji, magoli ya ndoo, wakacheza Bara na Visiwani, na Visiwani wakakataa bao la wazi kabisa. Mwingereza mmoja mzee aliyekuwa akitembeza mbwa aliombwa awe mwamuzi, akalikataa na la Visiwani ili mambo yalingane.

Kama saa tisa hivi Bi Pushpa alivua viatu.

"Unakwenda wapi, Bibi?" aliuliza Valeria.

"Chini."

Aliipandisha sari yake mpaka magotini, akaichomeka kiunoni, akampa msichana mkono. Wakashuka wawili hao taratibu, vidole vinazama, tope linatoa sauti ya busu kila hatua. Hawakwenda mbali, hatua thelathini tu. Bi Pushpa akasimama huko katikati, mikono kiunoni.

Aliporudi alieleza mwenyewe. "Unguja, maji yakitoka, wanawake hushuka na vikapu kuokota chaza na kombe, kitoweo cha pwani. Mimi nyumba yetu ghorofani, nawaona. Wanacheka, wanaimba. Mama yangu hataki: msichana wa Kibaniani, matopeni! Nikakaa dirishani mpaka siku tulipopanda meli. Leo nimeshuka." Akatazama miguu yake myeusi hadi magotini. "Mngenileta maji yamejaa, ningeshuka wapi?"

Valeria anasema ni yeye aliyemuuliza Bi Pushpa kila jina la kila kitu mle matopeni, na kwamba kaa mmoja mdogo alimpa neno ambalo hatalisahau, kwa kuwa lilimbana kidole.

Saa kumi na moja na nusu mtoto mmoja alipiga ukelele. Ule mstari mwembamba ulikuwa umenenepa.

Hawakuwahi kuiona ikija. Miaka yote walikuta ipo, au haipo. Sasa watu 49 walisogea ukingoni, sahani mkononi, wakatazama. Ilikuja bila kishindo. Kijito kiliingia hapa, kidimbwi kikaungana na kidimbwi pale, mashua ya kwanza ikajitikisa, ikainuka ubavu, ikasimama. Watu wakaishangilia. Ya pili ikasimama, wakaishangilia na hiyo. Goli la Visiwani likaelea.

"Karibu!" alipaza sauti Soud kwa bahari. "Karibu, mama, tumekungoja toka asubuhi!"

Saa moja na dakika kumi jioni maji yalikuwa yamefika chini ya ngazi za ukuta wa barabara, jua linalala juu yake, na hapakuwa na ng'ambo ya kusumbua macho. Ile Kent yenyewe ilikuwa imemezwa na ukungu. Eufrasia alishuka ngazi na sare yake ya udereva, akaingia hadi magotini, akasimama. Wanaomfahamu walimwacha.

Kisha akamwona mwenyekiti. Soud alikuwa amekunja suruali vizuri kabisa, mikunjo sawasawa, anajipiga picha na jiji jipya nyuma yake. Wimbi likaja kivivu, la maji mafu hasa, likampanda hadi kiunoni. Alibaki ameinua simu juu, amelowa, mdomo wazi.

"Mwenyekiti!" aliita Eufrasia. "Umenyoosha mkono! Hiyo ni kura?"

"Ni kura," alisema Soud. "Ngoja nitoke kwanza."

Basi liliingia yadini Barking saa tatu kasoro dakika tano usiku, mchanga mpaka kwenye dari. Eufrasia alilifagia mwenyewe Jumapili.

Mipango ya mwakani imeshaanza. Eufrasia anataka mabasi mawili, kwa kuwa waliobaki Kilburn na Walthamstow wameona picha na sasa wanalalamika. Balwinder ameahidi la pili. Ndoto yake kubwa ni kumleta mama yake mzazi kutoka Bukoba, aione bahari inayoondoka na kurudi, "maana nikimsimulia kwa simu anasema London imenivuruga akili."

Na safari itapangwa maji yakiwa yanarudi, ili wayapokee. Ndivyo ilivyoamua kamati, bila kupinga hata mmoja. Tangazo limeshabandikwa katika kundi, na mwandishi wake ni Valeria: "Bahari itafika saa saba ya Valeria." Kila mtu anaelewa. Siku hizi katika jumuiya ile, ukialikwa jioni, utaulizwa kama ni saa ya kawaida au ya Valeria.

Je, hajamfundisha bintiye kusoma saa?

"Maneno mengine namrekebisha," anasema Eufrasia. "Saa nimemwachia. Ndiyo iliyomfungua mdomo."

Tunaongea katika chumba cha madereva, zamu yake imekwisha, ni saa moja na nusu jioni. Simu inalia mlio mfupi. Anaiweka sikioni, kisha anaigeuza nami nisikie.

"Mama, leo nimepika mimi. Ndizi. Tunakula saa nane, usichelewe."

Eufrasia anatazama saa ya ukutani, anachukua koti lake bila haraka. Ana nusu saa nzima.